Jinsi ya Kula Tambi za Kuvutwa kwenye Mgahawa wa Lanzhou: Mwongozo Kamili

Mtu aliyezoea supu ya ng'ombe na chapati saa moja asubuhi pale Kariakoo atawaelewa watu wa Lanzhou mapema kuliko wageni wengi. Mji huo uko kaskazini-magharibi mwa China, mkoa wa Gansu, ukingoni mwa Mto Manjano. Wenyeji wake huianza siku kwa bakuli la supu ya ng'ombe lililojaa tambi, na tambi hizo dakika chache kabla zilikuwa bado donge la ngano mkononi mwa fundi. Nchi nzima huziita lamian, tambi za kuvutwa. Lanzhou kwenyewe husema niurou mian, tambi za nyama ya ng'ombe, na mwenye njaa hukata maneno: niuda, "ng'ombe, bakuli kubwa".

Chakula hiki kimesafiri. Ni vigumu kuupata mji mkubwa wa China usiokuwa na migahawa hii, na kwa wenzetu wanaokwenda Guangzhou au Yiwu kuchukua mzigo, ndio mlango mwepesi kuliko yote ya kuingia kwenye mapishi ya huko: halali, bei ya chini, kinapikwa ukiona. Hata hivyo nimewashuhudia wengi wakiingia, wakanyoosha kidole kwenye picha ukutani, wakala nusu, wakatoka wakisema chakula cha Wachina hakina ladha. Inaniuma, maana bakuli hili hutengenezwa kwa maelekezo ya mlaji. Asiyesema kitu huletewa bakuli la mtu asiyesema kitu. Maneno manne au matano, na kujua nini kitangulie mdomoni, vinatosha kubadilisha mlo wote.

Kabla ya kusafiri: andaa simu

Huduma za Google zimefungwa China, kwa hiyo tafsiri unayoitegemea nyumbani inaweza kukuacha mkono mtupu mbele ya kaunta. Piga picha maneno ya Kichina yaliyomo humu uyahifadhi kwenye simu. Pili, weka programu ya Alipay au WeChat, jisajili kwa pasipoti, uunganishe kadi yako ya Visa au Mastercard ukiwa bado nyumbani, kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha kutoka benki huja kwenye laini yako ya kawaida. Fedha taslimu bado ni halali, lakini mgahawa mdogo huenda usiwe na chenji. Beba noti za yuan 10 na 20.

Hatua ya 1: Uchague mlango

Tafuta herufi mbili: 清真, qingzhen. Maana yake chakula cha Kiislamu. Katika miji mingi maandishi ya Kiarabu yameondolewa kwenye mabango miaka ya karibuni, hivyo usingoje kuona neno "halal". Jifunze kuzitambua herufi hizo mbili kwa macho. Mara nyingi bango huwa la kijani au la njano. Ndani utaona kofia nyeupe za wanaume na vilemba vya kina mama, na kwenye friji soda na maji, si bia. Ukiiona bia, uliza kwanza.

Wenye migahawa hii nje ya Lanzhou, ingawa bango linasema 兰州拉面 (Lanzhou lamian), wengi wao hawatoki Lanzhou. Ni Wahui na Wasalari, makabila ya Waislamu wa China, kutoka wilaya ya Hualong, mkoa jirani wa Qinghai, waliotawanyika nchi nzima kutafuta riziki kwa ufundi wa mikono. Familia nzima hufanya kazi pamoja: baba anavuta, mama anapokea pesa, mtoto anaandikia daftari la shule kwenye meza ya mwisho. Ukiingia ukatoa salamu ya "Assalaamu alaykum", utaitikiwa kwa lafudhi yao, na uso wa mwenyeji utafunguka. Hata kama wewe si Mwislamu, salamu hiyo inapokelewa vizuri.

Kipimo kikubwa kuliko bango ni sikio. Simama mlangoni usikilize. Mgahawa wa kweli una mshindo: donge linapigwa kwenye meza ya chuma, pa! Halafu kimya kidogo, halafu pa! tena. Pasipo na mshindo huo, chungulia jikoni. Mimi niliwahi kuketi kwa uchovu bila kuchungulia, nikaletewa tambi zilizokwisha kuchemshwa zamani zikawekwa pembeni, zimeshikana kama uzi uliolowa, na supu ilikuwa chumvi tupu. Tangu siku hiyo siketi kabla ya kuona mikono ya fundi.

Guangzhou, mtaa unaojulikana zaidi kwa wageni wa Kiafrika ni Xiaobei, na migahawa ya qingzhen haiko mbali na hapo. Siku ya Ijumaa jaribu pia karibu na msikiti wenye kaburi ambalo Waislamu wa China hulinasibisha na Sahaba Saad bin Abi Waqqas. Baada ya sala watu humiminika kutafuta chakula.

Hatua ya 2: Nenda mapema

Ukiwa Lanzhou kwenyewe hili ni sharti. Migahawa hufungua kama saa kumi na mbili asubuhi, na mingi inayoheshimika hufunga saa nane mchana au kabla. Supu huchemshwa tangu usiku: mifupa na nyama ya ng'ombe, na mfuko wa viungo wenye tangawizi, mdalasini, iliki nyeusi kubwa na pilipili ya Sichuan inayotia ganzi ulimini. Sufuria ya kwanza ya asubuhi ndiyo yenye nguvu. Kadiri siku inavyosonga ndivyo inavyoongezewa maji. Guangzhou na Yiwu hufungua hadi usiku, lakini hata huko mimi huenda asubuhi.

Hatua ya 3: Lipa, kisha ongea na fundi

Lanzhou unalipa kwanza. Kaunta iko karibu na mlango. Unataja bakuli, unapewa kikaratasi, unakwenda nacho kwenye dirisha la jikoni. Pale dirishani ndipo unaposema unene wa tambi. Guangzhou mara nyingi unaketi, unachagua kwenye picha za ukutani au unaskani alama iliyobandikwa mezani, na kulipa kunaweza kuja mwishoni. Bakuli la kawaida halizidi yuan 25 sehemu nyingi, na Lanzhou ni chini ya hapo sana. Bakshishi haitolewi. Ukiacha pesa mezani utakimbizwa barabarani urudishiwe.

Mpishi anaitwa shifu. Neno hilo ni "fundi" kabisa, kwa maana zote tunazozitumia sisi: wa gari, wa nguo, wa umeme. Muite hivyo: "Shifu!" Anayepokea pesa ni laoban, bosi, akiwa mwanamke, laobanniang.

Hatua ya 4: Chagua unene

Hapa ndipo wageni wengi wanapopoteza bakuli lao. Donge ni lile lile, supu ni ile ile, lakini unene wa tambi hubadilisha kila kitu: kiasi cha supu kinachopanda nazo, muda zinaokaa ngumu, jino linavyozipokea. Unasema moja kati ya haya:

毛细 (maoxi), nyembamba kama nywele. Hulainika haraka mno. Wazee na watoto huzipenda.

细 (xi, soma karibu na "shi"), nyembamba ya kawaida. Usiposema kitu, mara nyingi utapewa hizi.

三细 (sanxi), unene wa njiti ya kiberiti.

二细 (erxi, soma "ar-shi"), nene zaidi, za mviringo, zina utafunaji.

韭叶 (jiuye), bapa na nyembamba kama jani bapa la kitunguu cha Kichina.

宽 (kuan), bapa, upana wa kidole. Na 大宽 (dakuan), pana kama mkanda wa suruali.

Ipo pia 荞麦棱 (qiaomai leng), yenye pembe tatu, ambayo si kila fundi anaiweza. Ukiiomba na fundi akatabasamu, umempata fundi.

Ushauri wangu: mara ya kwanza omba erxi. Zinakupa muda. Mgeni wa vijiti hula polepole, na maoxi zitakuwa uji kabla hujafika katikati ya bakuli. Mpenzi wa chapati aende moja kwa moja kwenye kuan. Atakutana na ngano aliyoizoea, ila imelowa supu. Dakuan ninaziheshimu, lakini kuzikamata kwa vijiti kunataka mazoezi, nazo hurusha mafuta mekundu kwenye shati.

Mtu wa pwani akisikia "tambi" huona zile za sukari na iliki asubuhi ya Idi. Liweke wazo hilo pembeni. Hizi ni za chumvi, zinateleza, na zinavutika hata mdomoni.

Hatua ya 5: Sema unachotaka na usichotaka

Pilipili hutiwa jikoni kabla bakuli halijakufikia, kwa hiyo kusema baadaye ni kuchelewa. Usiyeitaka sema 不要辣椒, "bu yao la-jiao". Unayeitaka kidogo, 少放辣椒, "shao fang la-jiao". Ila usiiogope bila sababu. Mafuta yale mekundu yametengenezwa kwa pilipili iliyosagwa na kumiminiwa mafuta ya moto yenye viungo. Yananukia kuliko yanavyowasha. Aliyezoea pilipili mbuzi hatatoka jasho.

Asiyependa kotimiri (dania) aseme 不要香菜, "bu yao shiang-tsai". Anayetaka nyama zaidi aseme 加肉, "jia rou". Sema hivyo kama una njaa ya kweli, kwa kuwa nyama ya bakuli la kawaida ni vipande vidogo vilivyokatwa kwa uangalifu mkubwa wa gharama. Yai ni "jidan". Watu wa Lanzhou wana msemo wa kuagiza nyama na yai kwa pamoja: rou dan shuang fei, nyama na yai kuruka wawili wawili. Utamke dirishani, hata kwa lafudhi ya Tanga, na foleni nzima itageuka kukutazama kwa furaha.

Hatua ya 6: Simama utazame

Usikimbilie meza. Unalipia chakula na ufundi kwa pamoja, na ufundi unaisha kwa dakika moja.

Fundi anakata donge la ukubwa wa ngumi mbili. Limekandwa asubuhi kwa unga, maji, chumvi na maji ya magadi, likaachwa lipumzike, kama tunavyolilaza donge la chapati. Zamani magadi hayo yalitoka kwenye majivu ya mmea wa nchi kame, penghui. Siku hizi ni unga wa kiwandani. Kwetu magadi hulainisha maharage. Kwenye ngano hufanya kazi nyingine: donge linavutika bila kukatika, na tambi zinapata rangi ya manjano hafifu.

Sasa analishika ncha mbili, analivuta hadi upana wa mikono yake, analipiga mezani, analikunja katikati, ncha zote mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kinaingia kwenye kitanzi, anavuta tena. Unga mkavu unaruka kama vumbi kwenye mwanga. Kila mkunjo huzidisha nyuzi mara mbili. Mikunjo saba ni nyuzi 128. Wa nane, 256. Kwa tambi bapa, kwanza analikandamiza donge kwa kiganja, na umbo hilo hubaki hadi mwisho. Anazikata zile ncha nene alizokuwa ameshikilia, anazirusha tambi kwenye sufuria linalochemka, na mwenzake anazigeuza kwa vijiti virefu kama mkono. Nyembamba huiva kabla hujamaliza kuhesabu hadi thelathini. Kisha supu, figili, nyama, majani, mafuta mekundu, na jina lako ni ule unene uliouomba: "Erxi!"

Hatua ya 7: Kagua bakuli

Watu wa Lanzhou wana kipimo cha mambo matano, na unaweza kukitumia papo hapo. Supu iwe angavu. Figili iwe nyeupe, vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga. Mafuta ya pilipili yawe mekundu. Kotimiri na majani ya kitunguu saumu yawe ya kijani kibichi. Tambi ziwe za manjano. Sifa ya bakuli hili wenyeji humpa Ma Baozi, Mhui aliyeanza kuliuza Lanzhou mwaka 1915 akilibeba kwa mzega.

Kati ya hayo matano, mimi huangalia supu kwanza. Ikiwa nzito na ya kahawia kama rojo, kuna kitu kimekwenda kombo.

Hatua ya 8: Kula, kwa mpangilio huu

Anza na supu peke yake. Sukuma mafuta mekundu pembeni kwa kijiko, unywe kijiko kimoja au viwili. Mezani kuna birika la siki nyeusi na kikombe cha pilipili, na mkono wa mgeni huvikimbilia. Subiri. Supu iliyochemka usiku kucha ina haki ya kusikika kabla hujaifunika.

Kisha zinyanyue tambi kwa vijiti, juu kabisa, uziteremshe, mara mbili tatu. Hii huzitenganisha na kuchanganya mafuta. Kula robo ya bakuli. Ndipo utie siki, kidogo, kwenye ukingo wa bakuli: inakata mafuta na kuamsha ladha ya nyama. Wengine huitia mapema. Mimi naona inaiba supu.

Halafu kitunguu saumu kibichi. Utakiona mezani kwenye kibakuli, bado kina maganda. Kaskazini mwa China wanasema ukila tambi bila kitunguu saumu umeila nusu ya utamu. Menya punje moja, ing'ate kidogo, fuatisha tambi. Nilikuwa nakipita, hadi mzee mmoja wa meza ya pembeni alipomenya punje akaiweka mbele yangu bila neno, akanionyesha kwa vijiti vyake: kwanza hiki, kisha hiki. Sijawahi kula bila saumu tena.

Vijiti: cha chini kilaze kwenye pango la kidole gumba, kikae juu ya kidole cha pete, na kisitikisike kamwe. Cha juu kishike kama kalamu, na hicho peke yake ndicho kinachofungua na kufunga. Usizungushe tambi kama tambi za Kiitalia. Zikamate chache, inama juu ya bakuli, zivute mdomoni. Sauti ya kuvuta si utovu wa adabu. Inapoza tambi zikiwa njiani. Usizikate kila mara kwa meno, ingawa kipande kikirudi bakulini hakuna atakayekutazama.

Na kula bila kuchelewa. Piga picha moja, si kumi. Tambi zinaendelea kunywa supu ndani ya bakuli, na baada ya dakika kumi unakula kitu kingine. Ndiyo maana sishauri kuzibeba. Ukilazimika, sema 打包, "dabao", na uombe supu iwekwe chombo chake na tambi chake.

Supu ikipungua, peleka bakuli useme 加汤, "jia tang". Kwa kawaida hawalipishi. Sehemu nyingine hata tambi huongezwa bure au kwa yuan chache, 加面, "jia mian". Maji yaliyochemshia tambi, mian tang, pia hutolewa kama kinywaji. Yana wanga mwepesi kama maji ya wali, na tumbo huyapenda.

Mambo ya adabu ambayo hayasameheki kirahisi

Usisimike vijiti wima kwenye bakuli: hivyo ndivyo udi wa maiti unavyosimikwa. Vilaze juu ya ukingo. Na usiingie na bia, wala chakula cha nje, hata biskuti kwenye mfuko. Huenda ina mafuta ya nguruwe na mwenye mgahawa hana njia ya kujua. Baadhi yao huandika ukutani 外菜莫入, chakula cha nje kisiingie. Kuketi meza moja na usiowajua ni kawaida.

Mkiwa wengi

Tambi za supu ni mlo wa mtu mmoja. Kundi la watu wanne waliomaliza kupakia kontena waagize 大盘鸡, dapanji, sahani kubwa ya kuku yenye asili ya Xinjiang: kuku wa vipande, viazi, pilipili hoho, rojo zito. Kuku akikaribia kuisha huletwa tambi pana zinazomwagwa juu ya rojo lililobaki. Kwa mtu asiyetaka supu zipo 干拌面 (ganban mian), tambi kavu zenye nyama ya kusaga, na 炒面片 (chao mianpian), vipande vya ngano vilivyochunwa kwa vidole na kukaangwa na nyanya, ladha ambayo mtu wa kwetu huizoea siku hiyo hiyo. Lanzhou, maliza kwa chai ya sanpaotai: kikombe chenye mfuniko, ndani tende za Kichina na sukari ya mawe, inaongezwa maji moto hadi uchoke.

Siku ya pili rudi mgahawa ule ule, saa ile ile, ukaombe unene mwingine. Siku ya tatu fundi atakuwa ameshika donge, anakutazama, anasubiri uutaje.